Aso oke ya harusi ya Kiyoruba: ya mkono au ya mashine?

Kile tunachokiita sare za harusi, Wayoruba wa Nigeria hukiita aso ebi, yaani nguo ya ukoo. Upande wa mke huwa na rangi yao na upande wa mume yao, na ukiingia ukumbini unajua nani ni wa nani kabla hujasalimiana na mtu. Maharusi wenyewe huvaa aso oke, kitambaa kizito cha kufumwa. Hapo ndipo pesa nyingi hutoka, na ndipo wanunuzi wengi huuziwa kitu kisicholingana na bei yake.

Aso oke halisi hufumwa kwa mkono, na mji wa Iseyin, jimbo la Oyo, ndio unaosifika kwa kazi hiyo. Haifumwi pana kama kitenge. Mfumaji hutoa ukanda mrefu wenye upana wa sentimita 10 hadi 15 hivi, kisha ukanda hukatwa vipande na kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, igeuze nguo upande wa ndani utafute mishono. Ya mkono ina mshono kila baada ya upana wa kiganja, na kingo za kila kipande zimefungwa na uzi wake wenyewe, hazifumuki ukizikwaruza kwa ukucha. Ya mashine ni pana, haina kiungo. Ni nyepesi na haina kosa lolote la ufumaji, na wauzaji wengine huisifu kwa usafi huo huo. Yupo pia anayekuuzia pamba ya rangi ya kahawia kwa jina la sanyan. Sanyan yenyewe hutokana na hariri ya nondo wa porini, na pamoja na alaari nyekundu na etu ya nili iliyokolea, ndizo aso oke za heshima tangu zamani.

Kwa maharusi na wazazi wao, chukua ya mkono. Inasimama mwilini, na inaweza kurithiwa. Kwa wageni 100 wanaohitaji kilemba na kofia tu, ya mashine inatosha kabisa.

Kosa kubwa ni kuagiza kwa mafungu. Uzi uliotiwa rangi leo haufanani na utakaotiwa mwezi ujao. Kilemba cha mama kitatofautiana na cha shangazi, na kwenye picha itaonekana wazi. Hesabu watu wote, ongeza seti mbili au tatu, agiza mara moja. Ukienda mwenyewe soko la Oje, Ibadan, chukua kipande cha lesi itakayoambatana nayo ulinganishe rangi nje juani, si chini ya taa ya dukani.

Kwa desturi, bwana harusi atalala kifudifudi mbele ya wakwe zake, tena si mara moja. Mwambie fundi aache nafasi kwenye magoti na makalio ya sokoto, yaani suruali yake, na aitie bitana, maana suruali ya aso oke iliyobana huachia kwenye mshono wa kanda pale pale mkekani.

Gele, yaani kilemba cha kike, ya aso oke ni ngumu kufunga kuliko ya kitambaa chepesi, lakini haianguki. Vaa kwanza kofia nyembamba ya wavu, kwa sababu nywele zenye mafuta huifanya iteleze. Kunja ukingo wa mbele sentimita 5 hivi, uulaze juu ya nyusi, ufunike ncha za masikio. Upande mmoja uwe mrefu zaidi. Uzungushe kisogoni, rudi mbele, panga marinda kuanzia chini kwenda juu huku mwenzako ameyashika, kisha funga ncha mbili nyuma. Marinda hupanuliwa kwa vidole mwishoni, si mwanzoni. Ukisikia mpigo kwenye paji la uso, fungua uanze upya, haitalegea yenyewe. Gele iliyoshonwa tayari huokoa muda, ila haipendezi kila kichwa kwa sababu umbo lake ni moja.

Kuhusu bei ya aso ebi, familia nyingi huongeza kitu juu ya bei ya sokoni ili kusaidia gharama za sherehe. Si haki kumbana ndugu asiye na uwezo. Mpe nafasi ya kununua gele au fila, yaani kofia ya kiume, peke yake. Kwenye harusi ya Waigbo, kabila jingine la Nigeria, mgeni wa kiume anaweza kuvaa isiagu, shati lenye picha za vichwa vya simba, lakini kofia nyekundu awaachie wenye vyeo.

Baada ya harusi usifue aso oke kwa maji ya moto. Yenye nyuzi za kung'aa ipigwe pasi ya joto dogo, juu yake pawekwe kitambaa cha pamba, na ihifadhiwe imeviringishwa, kwani nyuzi hizo hukatika ukiikunja palepale kila mara.