Walinijazisha fomu, hakuna aliyeisoma

Haya ni maoni yangu kuhusu wodi alikolazwa mwanangu. Kwa nimonia yake sina neno. Daktari alijua anachofanya na mwanangu amepona. Ninayemsema hapa ni sista wa zamu ya mchana, aliyeniuliza mbele ya wodi nzima: "Mama, huyu hamkumfunza adabu nyumbani?"

Mwanangu ana usonji na hasemi. Tulipolazwa walinipa fomu nieleze yote yanayomhusu, nikajaza mpaka pembeni. Aonyeshwe kifaa kabla ya kuguswa nacho. Hedifoni zake zisivuliwe. Akiumia hucheka, halii. Waliniomba wenyewe!

Asubuhi moja huyo sista akaja kubadilisha kanula, kile kimrija cha mshipani cha kupitishia dawa. Mashine ya dripu inalia na hakuna anayejali kuizima. Akamvua mtoto hedifoni, eti amsikie vizuri. Mtoto akaanza kujipiga kichwa. Wakaitwa watu wa kumshika, mikono kila mahali, sindano ikakosa mshipa, ikarudiwa. Mwanangu akawa anacheka. Na sista, Mungu anisamehe, akasema: "Si unaona, hata haimuumi." Faili lenye ile fomu lilikuwa linaning'inia miguuni pa kitanda.

Niliulizia krimu ya ganzi, ile inayopakwa kama saa moja kabla ya sindano. Nikajibiwa hakuna muda. Muda! Kanula ya zamani ilikuwa imeziba tangu alfajiri na nilikuwa nimesema.

Hapo niliapa kutoa nyota moja. Ila usiku akaja nesi mwingine, kijana tu, akasoma fomu pale mlangoni kabla hajaingia. Kipimo cha oksijeni, ambacho mchana mtoto alikuwa anakitupa kila kikibanwa kidoleni, alinivalisha mimi kwanza. Kisha akampa akichezee. Mwisho akakifunga kwenye kidole cha mguu, soksi juu, kikakaa mpaka asubuhi. Taa ya juu ya kitanda akaizima bila kuombwa. Nikasema hawa nawapa nne.

Lakini kadiri ninavyoandika hasira inarudi. Kumbe iliwezekana! Soksi na dakika chache za kusoma, basi. Kwa nini mtoto asubiri zamu ibadilike ndipo atendewe kama mtu? Zile nne apewe yule kijana mwenyewe. Wodi ichukue moja. Haya, mbili, kwa sababu ya daktari, na hiyo ya pili naitoa kwa shingo upande.