Tahadhari kwa wakaazi wa Nakuru: anayeuza "rekodi za serikali" ni tapeli

Kuna mwanamume anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Section 58, Free Area, Naka na Kiamunyi kwamba anaweza kumpatia mteja rekodi yoyote ya umma ya mkaazi yeyote wa mji huu: ploti na mwenyewe, gari na mwenyewe, kampuni na wakurugenzi wake, ndoa, kifo, hata kesi iliyofunguliwa mahakamani. Nawasihi msimpe pesa, na zaidi ya pesa, msimpe nakala za vitambulisho vyenu. Amekula shilingi 14,000 za familia yangu, akatuachia bahasha ya karatasi za kughushi ambazo nusura zitugombanishe kabisa na mzee asiye na hatia yoyote.

Mzozo wa ploti ya Mawanga tangu Baba alipofariki wengi wenu mnaujua, kwa hiyo sitaurudia. Kabla ya kikao cha wazee tulihitaji kujua mambo mawili tu: jina lililoandikwa katika sajili ya ardhi, na kama kuna mtu aliyefungua kesi ya mirathi ya Baba bila sisi kuarifiwa.

Tukamwendea mwanamume huyo. Ofisi yake ilikuwa orofani katika jengo moja karibu na Kenyatta Avenue, chumba kidogo chenye meza mbili, mashine ya kupiga chapa, bendera ndogo ya taifa mezani na picha ya Rais ukutani. Alimpokea Mama kwa heshima zote, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe na kumpa pole ya msiba kabla hatujaeleza lolote. Kisha akaigeuza tarakilishi upande wetu, akaandika nambari ya kitambulisho cha Baba, na papo hapo ukafunguka ukurasa wenye nembo ya serikali: majina matatu ya Baba, mwaka wake wa kuzaliwa, kijiji alichozaliwa, shule aliyofundisha hadi kustaafu, majina ya ndugu zake kwa mpangilio wa umri. Alipofika kwenye nambari ya sanduku la posta ambayo Baba aliitumia tangu sisi tukiwa wadogo, Mama alijifuta machozi kwa ncha ya leso, akaniinamia na kuniambia, "Mlipe huyu kijana, anafanya kazi ya maana."

Nani asingeamini? Alikuwa ameletwa kwetu na mama mmoja wa kanisani ambaye hajawahi kumdanganya mtu. Alitueleza kwamba tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, rekodi za wakaazi zimekusanywa katika sajili moja, na kwamba yeye ni miongoni mwa mawakala wachache walioruhusiwa kuifungua. Maneno hayo hayakusikika kama ya ajabu, maana sote tumeona huduma nyingi za serikali zikihamia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na tulisikia jinsi rekodi za ardhi za Nairobi zilivyoanza kuingizwa katika Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, mwaka 2021. Isitoshe, alitusomea kwa kichwa kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu hicho kipo na alikisema sawasawa. Mtu akikutajia Katiba bila kukosea, tena mbele ya mama mjane, humdhanii mwizi.

Nililipa 6,000 pale pale. Jioni alinipigia simu akiniita "dada yangu", akasema faili la mahakamani limepatikana lakini liko ghala la chini, na kwamba 8,000 nyingine zingelifanya litoke kabla ya wikendi. Jina lililotokea kwenye M-Pesa nilipotaka kutuma lilikuwa la mwanamke. Nilimuuliza, akasema huyo ni mhasibu wake.

Bahasha ilikuja na karatasi tatu: cheti cha upekuzi wa ardhi (kinachoonyesha jina la mwenye ploti katika sajili), tangazo la mirathi lililodaiwa kutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hati ya mahakama iliyomtaja ndugu wa Baba, yule mdogo wake wa mwisho, kuwa ndiye msimamizi wa mirathi aliyekwisha kuthibitishwa. Sitaandika hapa yote yaliyosemwa katika kikao kile. Itoshe kwamba karatasi ile ilipitishwa kutoka mkono hadi mkono mbele ya wazee, na Baba Mdogo, mtu aliyelala kwetu usiku wote wa matanga, akaulizwa ajieleze kama mshtakiwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema hajawahi kuingia mahakamani maishani mwake, akachukua kofia yake na kuondoka bila kuonja chai.

Ni yeye aliyetuokoa. Kesho yake alikwenda na nakala ya karatasi ile hadi mahakama ya Nakuru, na karani aliyeipokea hakuhitaji hata kukaa chini. Nambari ya kesi ilikuwa ya shauri la watu wengine kabisa. Tena hati ilidai kwamba usimamizi ulithibitishwa chini ya miezi miwili baada ya mazishi, ilhali kwa Sheria ya Mirathi tangazo hukaa siku 30 gazetini likingoja pingamizi, na uthibitisho kwa kawaida hauji hadi miezi 6 ipite tangu msimamizi apewe hati. Nambari ya tangazo la gazeti nayo, tulipoitafuta, ilihusu hatimiliki iliyopotea katika kaunti nyingine. Tumemwomba Baba Mdogo msamaha na ametusamehe, lakini aibu aliyotiwa mzee yule mbele ya rika lake haiwezi kurudishwa kwa M-Pesa.

Na ule ukurasa wenye nembo? Siku chache kabla ya sisi kwenda, mdogo wangu alikuwa amejaza fomu aliyotumiwa na mtu huyo kwa simu, akaambatanisha kitambulisho cha Baba na barua ya zamani yenye anwani. Yaliyobaki, yaani shule, kijiji na ndugu kwa mpangilio wa umri, yalikuwa katika wasifu wa marehemu ndani ya programu ya mazishi, ambayo tuliisambaza sisi wenyewe ili jamaa walio mbali waipate. Alitusomea habari zetu wenyewe akatulipisha, na jina la Baba Mdogo alilichota humo humo, kwa kuwa alishasikia kutoka kwetu kwamba tunamshuku mtu wa ukoo.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Kujipatia pesa kwa udanganyifu, chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kuna kifungo cha hadi miaka 3, na kughushi hati ya mahakama ni kosa jingine juu ya hilo. Tulipokuwa tukitoka ofisini mwake alituambia kwamba tukitaka habari za jirani tunayezozana naye kuhusu mpaka, tuongeze 2,000. Ikiwa kweli anazo, basi anauza habari za watu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 3 au kifungo cha hadi miaka 10 au vyote viwili. Nataka apewe vyote viwili. Nataka asimame kizimbani mbele ya wajane aliowaliza, aulizwe mmoja baada ya mwingine, na pesa zirudishwe hadi senti ya mwisho. Ana nakala za vitambulisho vya nyumba yetu nzima, na sijui ni nyumba ngapi nyingine zimo katika droo ile.

Kwa anayeuliza ningemtambuaje: malipo ya huduma za serikali hupitia nambari 222222, hayaendi kwa simu ya mtu wala ya "mhasibu". Muhuri wa cheti chetu cha upekuzi ulikuwa na tarehe ya Jumapili. Hakutoa risiti. Na hakuna sajili moja ya wakaazi wa Nakuru inayofunguliwa na wakala. Kila rekodi ina ofisi yake. Upekuzi wa ardhi uko kwa msajili wa ardhi, wa kampuni uko eCitizen, faili la mirathi liko mahakamani kwenyewe, na Gazeti Rasmi husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Ofisi ya umma ikikuzungusha, iandikie ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016; inatakiwa ijibu ndani ya siku 21, na kuwasilisha ombi hakulipiwi chochote.

Ofisi ile ya orofani sasa imefungwa kwa kufuli na laini yake ya simu haipatikani, ila wiki hii tangazo lile lile limeonekana katika kundi la Lanet kwa nambari mpya, neno kwa neno. Tumeandikisha taarifa polisi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, tunayo. Yeyote aliyemlipa, hata kama ni shilingi 1,000, aitunze ile meseji ya M-Pesa, asiifute, na aniandikie faraghani kabla ya Jumatatu, kwa sababu mpelelezi ametuambia kwamba walalamishi wakiwa wengi kesi huwa nzito zaidi. Aliye na karatasi zake asizichane wala asizipeleke kwenye kikao chochote. Azilete kama zilivyo, pamoja na bahasha.