Tachi Iliyojibonyeza Yenyewe: Huduma ya Fundi Simu wa Mtaa wa Aggrey

Kwa wiki tatu simu yangu ilifungua programu nisizozigusa na kuandika herufi nisizozikusudia, na usiku mmoja ikajiingizia nywila isiyo sahihi mara nyingi hadi ikajifunga. Kilichonitia hofu zaidi ni menyu ya kutuma fedha, kwani kubonyezwa kimakosa mahali pale ni hasara ya papo hapo. Fundi wa kwanza, aliye karibu na nyumbani, aliitazama kwa dakika moja akasema kioo kimekufa na kipya ni shilingi 95,000. Sikuridhika, nikaipeleka Kariakoo, kwenye kibanda kidogo cha Mtaa wa Aggrey.

Fundi niliyemkuta huko hakuanza na bisibisi. Aliuliza kwanza ni toleo gani, kwa kuwa zipo simu zenye hitilafu ya kiwandani. Mwezi Novemba 2018, kwa mfano, Apple ilitangaza kubadilisha bila malipo vioo vya baadhi ya iPhone X vilivyokuwa vikiitikia hata pasipo kuguswa. Yangu haikuwa miongoni mwa hizo. Akabandua protekta iliyoingia vumbi pembeni, akafuta kioo, kisha akafungua mipangilio na kubonyeza namba ya toleo la programu mara 7, ili zitokee chaguo za wasanidi, yaani menyu iliyofichwa ya watengenezaji wa programu, ambamo Android inaweza kuchora mstari kila mahali kioo kinapohisi kidole. Simu ikiwa imelala mezani, bila mkono wa mtu, mistari ilianza kujichora katika sehemu ya chini. Alipoiwasha upya katika hali salama, ambayo huzuia programu tulizopakua wenyewe, mistari iliendelea, na hapo tukaacha kuzishuku programu.

Alipochomeka chaja yangu, niliyoinunua kwa bei nafuu barabarani, mistari ilitapakaa kioo kizima. Alipochomeka yake ilipungua, lakini haikuisha. "Kaka, chaja hii inaongeza tu ugonjwa, mgonjwa mwenyewe yumo ndani," aliniambia, akaeleza kwamba kioo cha aina hii hupima mabadiliko madogo mno ya umeme yanayoletwa na kidole, hivyo chaja isiyochuja umeme vizuri huweza kukidanganya kuwa kimeguswa. Maelezo hayo peke yake yalistahili nauli yangu ya daladala.

Alipoifungua tuliiona betri imevimba, ikisukuma kioo kutoka nyuma pale pale mistari ilipokuwa ikijichora. Aliitoa taratibu bila kuikunja wala kuichokonoa kwa chuma, kwa sababu betri ya lithiamu ikitoboka huweza kushika moto, jambo ambalo nimewahi kuona likipuuzwa na mafundi wenye haraka. Betri mpya pamoja na ufundi vilinigharimu shilingi 40,000, na kioo changu cha awali kilibaki. Kabla ya kunikabidhi aliiacha mistari ikiwa imewashwa kwa dakika kumi, simu ikiwa kwenye chaja na nje ya chaja, akaniambia nijaribu mwenyewe kila kona.

Kasoro zipo. Nilisubiri zaidi ya saa mbili nikiwa nimesimama, maana kibanda hakina hata benchi. Gundi ya pembeni inayozuia maji hakuwa nayo, ingawa alinieleza waziwazi kwamba kuanzia siku ile nisiiamini simu kwenye mvua. Dhamana ya miezi mitatu aliitoa kwa mdomo tu, nami sikukubali kuondoka hivyo. Nilipomwomba aiandike, alichana karatasi ya daftari, akaandika tarehe, aina ya betri na bei, akatia saini. Huu ni mwezi wa pili tangu itengenezwe, tachi haijacheza tena, na karatasi ile ninayo kwenye pochi.