Unaanza kaligrafia? Nunua karatasi kabla ya kalamu

Watu wengi hapa Kampala huniuliza wanunue kalamu gani ili wajifunze kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika hati nzuri. Mimi huwauliza kwanza wataandikia karatasi gani. Miezi yangu ya mwanzo niliamini mkono wangu ni mbovu, kumbe tatizo lilikuwa karatasi ya fotokopi ya gramu 80. Unavuta alifu vizuri, halafu unaona kingo zake zinaota vinywele: wino umetambaa kwenye nyuzi za karatasi. Nenda Nasser Road kwa wachapaji, uulizie mabaki ya karatasi laini ya gramu 120 kwenda juu. Kabla hujalipa, vuta mstari mmoja wa wino, usubiri ukauke, ugeuze upande wa pili. Ukiona doa, iache.

Sasa kalamu, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni kalamu ya tete, hasa kwa anayetaka hati za Kiarabu. Tafuta tete kavu au mwanzi mwembamba, unene wa kidole cha mwisho. Mafunjo ya kinamasini hayafai, maana ndani ni laini kama sifongo. Chonga kwa kisu kikali, pasua ncha katikati kidogo ili wino ushuke, kisha ilaze juu ya kitu kigumu na uikate mara moja: mshazari kwa Kiarabu, bila mshazari kwa herufi za Kilatini kama unatumia mkono wa kulia. Utaharibu tatu nne kwanza. Lakini ukishaikata mwenyewe unaelewa kwa nini nukta moja inayoachwa na ncha yako ndiyo kipimo cha herufi zote, na ncha ikichakaa unachonga upya bila kwenda dukani.

Ya pili ni Pilot Parallel, kalamu ya dukani yenye ncha bapa ya chuma. Zipo za upana wa ncha wa milimita 1.5 hadi 6.0, chukua 3.8, maana kwenye herufi kubwa kosa halijifichi. Bei yake inauma, ila wino umo ndani na mstari hutoka safi. Tafadhali usiitie wino wa India: una sheleki, utomvu unaoganda kama vanishi, ukikaukia ndani kalamu imekwisha.

Ya tatu, marka ya ncha bapa. Inafaa kwa watoto na kwa wiki za mwanzo, kabla ncha haijaviringika. Hata penseli mbili zilizofungwa kwa mpira zinafundisha pembe vizuri.

Ya mwisho ni seti za sanduku zenye nibu kumi, yaani ncha za chuma za kuchovya, na wino wa dhahabu. Niliwahi kununua moja. Wino ukawa unajikusanya matone na kuikimbia nibu. Baadaye nikajua nibu mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, lazima uzioshe kwa sabuni. Hata hivyo, kati ya zile kumi nilitumia mbili tu.

Wino mweusi wa kawaida unatosha. Mimina kidogo kwenye kichupa kifupi, utie fundo la nyuzi za hariri ndani, ili tete iguse nyuzi badala ya kuzama, isibebe wino kupita kiasi.