Laibrari ya kutesti GraphQL: tiki zote kijani, hela za wazee sifuri

Naandika hii nikiwa bado na hasira, mnisamehe mapema. Kama unajenga seva ya GraphQL (lugha ambayo programu inatumia kuiomba seva data) na unatafuta laibrari, yaani msimbo ulioandikwa tayari, ya kukusaidia kutesti majibu, nisome mpaka mwisho kabla hujaiweka ile inayosifiwa kila kona. Jina silitaji, ila waliowahi kuitumia wataijua kwa tabia zake. Nyota moja. Ningeweza kutoa sifuri ningetoa, ingawa huko chini nitasema ukweli wote, na mazuri yake pia yapo.

Mi niko Tanga, Ngamiani, tuna kachumba barabara ya 13 tunafanyia kazi na mwenzangu mmoja. Tulipata kazi ya chama cha ushirika cha wakulima wa mkonge huko upande wa Muheza, mfumo wa kurekodi singa (nyuzi za mkonge) zinazotoka korona, yaani kwenye mashine ya kuchakata majani, nani kaleta kiasi gani, zimeuzwa shilingi ngapi, mwanachama kakatwa nini na kabakiwa na nini. Tukachagua GraphQL kwa sababu viongozi wanatumia simu za kawaida na bando la kuunga kwa siku, na kwa GraphQL unaomba vile unavyovitaka tu, hukokoti mzigo mzima kwa ajili ya namba mbili.

Sasa kutesti majibu ya GraphQL kwa mkono inachosha, anayejua anajua. Unaandika kwiri, yaani ombi lenyewe, kama maandishi, unaituma, unapokea JSON (jibu la maandishi lenye ngazi ndani ya ngazi), unaanza kuichimba ngazi kwa ngazi mpaka uifikie ile namba unayoitafuta, na kila testi unarudia yaleyale. Hii laibrari ilinipunguzia mistari kumi na tano ikawa mitatu. Wiki za mwanzo nilikuwa naisifia kwa kila mtu, wallahi, hata kijana mmoja wa Chumbageni anayejifunza nilimwambia weka hii usihangaike. Hilo ndo linaniuma zaidi.

Usiku wa kuamkia mkutano mkuu wa wanachama nilipakia rekodi za kweli za misimu yote kwenye seva ya majaribio, ileile tuliyokuwa tunaenda kuonyesha, nikaendesha testi zote. Mia na arobaini na kitu. Kijani tupu, hakuna hata moja nyekundu. Nikazima taa nikalala usingizi mzito kabisa.

Asubuhi tukapanda kosta mpaka Muheza, tukafika ghalani watu wameshajaa, wazee kwa akina mama, wengine wamekuja na baiskeli toka mbali, projekta imewekwa inamulika ukutani. Mwenyekiti akafungua kwa dua, akanikaribisha. Nikaonyesha orodha ya wanachama, safi. Nikaonyesha singa kwa mwezi, safi, watu wanatikisa vichwa. Nikafungua ukurasa wa jumla, ule ambao kila mtu alikuja kuuona, na ukutani pale kwa herufi kubwa pakaandikwa jumla ya mauzo misimu yote, shilingi 0.

Kimya. Yani kimya kile cha watu waliowahi kuzungushwa kuhusu hela zao. Mzee mmoja wa mbele akasimama na fimbo yake, akasema, "We kijana, hiyo sifuri ni yetu?" Nikamwambia mzee wangu shikamoo, naomba nafasi kidogo, kuna hitilafu. Kabla sijamaliza mama mmoja akadakia, "Mwanangu, mie nimekata mkonge kwa mikono hii, nyie mnatuletea sifuri?" Akainyanyua ile mikono. Mkonge una miba kwenye ncha ya kila jani na maji yake yanawasha, aliyewahi kuukata haulizwi mikono yake imekuwaje. Mi nilikuwa sina la kujibu. Mkonge umefika Tanga tangu 1893 wakati wa Wajerumani, hawa wazee wamezaliwa wameukuta, babu zao wameukata kwa ajili ya watu wengine, leo angalau ni wa kwao halafu naja mimi na kompyuta nawaambia sifuri.

Mwenyekiti akatuokoa, akaahirisha hiyo ajenda. Kwenye kosta ya kurudi nikafungua laptopu mapajani, nikatuma kwiri ileile kwa mkono bila ile laibrari, nikaliona jibu lilivyo. Seva ilikuwa inapiga kelele! Kwenye jibu kulikuwa na sehemu ya "errors", ndani yake ujumbe umeandikwa waziwazi kwamba namba hii haiingii kwenye Int, ile aina ya namba nzima, na njia ya kufika kwenye kosa imetajwa, ushirika, kisha jumlaMauzo. Kila kitu kimo. Ukurasa wetu ukapokea tupu ukaichora kama sifuri.

Kwa wasiojua, Int ya GraphQL ni ya biti 32, mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukihesabu kwa dola utaona huko ni mbali sana, unaweza kufanya kazi miaka usifike. Ukihesabu kwa shilingi zetu ni bilioni mbili na ushee tu, na chama cha kijijini cha mkonge ukijumlisha misimu kadhaa kinapita hapo. Kuchagua Int kwa hela lilikuwa kosa langu, nalibeba, na nimewaomba radhi wazee kwa mdomo wangu. Ila testi kazi yake ni nini kama sio kunikamata mimi nikikosea?

Na hapa ndo penyewe. GraphQL sio kama API za kawaida (njia za programu kuongea na seva) ambapo kitu kikiharibika unaletewa stetasi 500, namba ya kusema seva imeshindwa, unaona mwenyewe. Kwiri moja inaweza kuomba vitu ishirini, kumi na tisa vikapatikana na kimoja kikashindikana, kwa hiyo seva nyingi zinarudisha stetasi 200, ile ya kusema mambo sawa, hivohivo, yale yaliyopatikana yanakaa kwenye "data" na lililoshindikana linaelezwa kwenye "errors". Ile sehemu iliyoshindikana inabaki tupu. Ungekuwa umeitangaza kuwa ya lazima, utupu ungepanda kwa mzazi wake, na mzazi naye akiwa wa lazima unaendelea kupanda, unaweza kufika mpaka juu "data" yote ikawa tupu. Yetu hatukuitangaza hivo, kwa hiyo utupu uliishia palepale kwenye hela za wazee, vingine vyote vikaja vizima.

Sasa ile laibrari, ile fanksheni yake kuu ambayo kila mfano wao unaitumia, ile ya kuthibitisha kwamba jibu ni zuri, nikaingia ndani kuisoma. Inaangalia vitu viwili. Stetasi ni 200? Ndiyo. "Data" ipo? Ndiyo. Kijani. Haigusi "errors" hata kwa jicho. Laibrari imetengenezwa mahsusi kwa GraphQL, imejitangaza hivo, halafu haifungui sehemu ambayo GraphQL inaweka makosa! Na ile nyingine ya kulinganisha umbo la jibu nayo inakubali tupu popote panaporuhusiwa kuwa tupu, haikuulizi. Ni sawa na mlinzi wa geti anayehesabu magari yanayoingia bila kuangalia kama kuna dereva.

Nikasema nisiwe mwepesi wa kulaumu, huenda mtengenezaji hajaliona. Nikamwandikia, kwa adabu kabisa, nikamwekea mfano mdogo wa mistari kumi unaoonyesha testi inafaulu huku jibu lina kosa, nikamwambia niko tayari kusaidia kuurekebisha. Jibu likaja siku hiyohiyo na ningeshukuru lisingekuja. Akasema stetasi 200 maana yake jibu limefika, soma maelekezo, na kama hujaielewa GraphQL jifunze kwanza ndo uje. Kisha akafunga mazungumzo nisiweze kujibu. Jamani. Mtu kakuletea ushahidi mkononi, hujaufungua hata, unamwambia akasome. Kwetu mgeni akibisha hodi anakaribishwa hata kama kakosea nyumba, anaelekezwa, hafungiwi mlango usoni. Laibrari ni ya bure, najua, hanidai na simdai, na mtu kujitolea ni kazi kubwa. Lakini bure sio ruhusa ya kudhalilisha watu.

Basi nikakaa siku mbili nikaandika yangu. Haifiki mistari mia. Kitu cha kwanza kabisa inachofanya kabla ya yote ni kufungua "errors", ikikuta chochote na wewe hukusema kwenye testi kwamba unalitarajia, inaangusha testi na kukuchapia ujumbe pamoja na njia yake. Hiyo njia ni dhahabu, watu hawaithamini, maana ikiwa kosa liko ndani ya orodha inakutajia mpaka nafasi, ukiona wanachama, 3, jina, ujue ni mwanachama wa nne kwa sababu hesabu inaanzia sifuri. Unaenda moja kwa moja. Na kama unatesti kosa la makusudi, mfano mtu asiye kiongozi anaomba mishahara, unaandika kwamba hapa nategemea kosa kwenye njia hii, na lisipokuja testi inaanguka vilevile. Hela nikazitoa kwenye Int nikaziweka kama maandishi yenye aina yake, nimeiita Pesa, na seva inakataa chochote kisicho namba.

Nilipoendesha ile mia na arobaini kwa yangu, kabla sijazitoa hela kwenye Int, wacha niseme tu sikupenda nilichokiona. Sita nyekundu. Sita! Hela za wazee moja, na tano nyingine zilikuwepo siku nyingi, nyingine tangu mwezi wa kwanza wa kazi, na zote zilikuwa zinapewa tiki kila jioni.

Sasa ukweli mwingine, maana niliahidi. Sijaiondoa yote. Kuna sehemu yake ya kulinganisha orodha bila kujali mpangilio na kuruka saa na namba za utambulisho zinazobadilika kila mara, hiyo imeandikwa vizuri sana, na mwenzangu alijaribu kuiandika upya akaacha. Testi zetu kama thelathini bado zinaitumia, zinapita kwanza kwenye yangu ndo zinaingia kwake. Na siku si nyingi zilizopita likatoka toleo jipya, nikasoma mabadiliko, nikakuta wameongeza swichi ya kukagua "errors". Nilifurahi kweli, nikaanza hata kuandika hapa nyota tatu, nikasema pengine yule bwana alikuwa na siku mbaya, binadamu tunateleza.

Nikaiweka. Testi zote kijani. Nikaharibu kitu makusudi kwenye seva, bado kijani. Kwenda kusoma, swichi inakuja imezimwa, mpaka uiwashe mwenyewe, na imeandikwa ukurasa wa mwisho kabisa wa maelekezo, mstari mmoja. Kwa hiyo yule kijana wa Chumbageni niliyemshauri kwa mdomo wangu, asiyejua kuna kitu cha kuwasha, ataendelea kupewa tiki za uongo. Nimempigia nikamwambia aiwashe leo hiihii.

Muheza tulirudi. Namba ikatokea ukutani, ndefu, yule mzee wa fimbo akaomba isomwe kwa sauti, ikasomwa, akaomba tena. Yule mama hakusema kitu, alitaka tu kuonyeshwa mstari wake yeye peke yake, nikamfungulia, akausogelea ukuta akausoma kwa kidole.

Kwa hiyo nyota mbili, kwa ajili ya ile sehemu ya orodha. Hapana, nikikumbuka lile ghala narudi palepale, moja. Ya pili wataipata siku ile swichi ikija imewashwa toka mwanzo.