Guest Additions ya VirtualBox: skrini ya mashine pepe imekaa sawa baada ya wiki mbili za kuhangaika

Kwa wiki mbili nilifanya kazi ndani ya Xubuntu (aina ya Linux) iliyobanwa katikati ya dirisha la VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza, yaani mashine pepe, ndani ya kompyuta yako, pikseli 800 kwa 600, weusi mtupu pembeni. Dirisha la mipangilio lilikuwa refu kuliko skrini yenyewe. Ili nifikie kitufe cha chini nilibonyeza Alt na kuliburuta dirisha zima juu kwa kipanya. Macho yaliuma.

Nilianza na xrandr, amri ya Linux ya kubadili ukubwa wa skrini. Amri ya cvt 1920 1080 ilinipa mstari wa namba, nikaunakili kwenye xrandr --newmode, kisha --addmode, mwishowe --output pamoja na --mode, na skrini ikapanuka. Nilipozima na kuwasha tena, kila kitu kikarudi palepale.

Ukweli ni kwamba mashine pepe haina skrini ya kushikika. Ina dirisha tu, na anayejua ukubwa wa dirisha hilo ni kompyuta mwenyeji, ile halisi iliyo mezani. Lazima awepo wa kumpelekea mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, habari, na hiyo ndiyo kazi ya Guest Additions, programu ya nyongeza inayosakinishwa ndani ya mgeni. Unaipata kwenye menyu ya Devices, chaguo la Insert Guest Additions CD image, halafu ndani ya mgeni unaendesha sudo ./VBoxLinuxAdditions.run.

Mara ya kwanza niliisakinisha kwa haraka na kufunga terminali bila kusoma. Hakuna kilichobadilika. Nilipofungua /var/log/vboxadd-setup.log nikakuta moduli (vipande vyake vinavyoungana na kerneli, kiini cha Linux) hazikujengwa, kwa kuwa sikuwa nimeweka faili za linux-headers za kerneli yangu. Nikaziweka pamoja na build-essential, yaani zana za kujengea programu, nikasakinisha upya, nikawasha upya. Safari hii nilivuta pembe ya dirisha na paneli ya Xfce, eneokazi la Xubuntu, ikanyooka hadi ukingoni bila mimi kugusa mpangilio wowote. Nilifurahi kwelikweli.

Ikigoma bado, zima mashine pepe uangalie Graphics Controller (kadi ya picha ya kuigiza) kwenye sehemu ya Display ya mipangilio yake: VMSVGA kwa mgeni wa Linux, VBoxSVGA kwa wa Windows. Wengi hushauri kujaza kumbukumbu ya video hadi juu, lakini piga hesabu kwanza. 1920 kwa 1080, baiti 4 kila pikseli, ni kama MB 8 tu. Kwa skrini ya 3840 kwa 2160 inakuwa takriban MB 33, hapo MB 16 hazitoshi.

Jihadhari pia na Ctrl ya kulia pamoja na C. Inavuta picha ijae dirisha na kuficha menyu, na mtu anaweza kudhani amepona, kumbe herufi zimefifia na ukubwa ni uleule. Bonyeza tena kutoka. Ninayoitumia mimi kila siku ni Ctrl ya kulia na F, skrini nzima.

Naipendekeza Guest Additions kwa moyo wote, ila ujue kwamba kerneli ikisasishwa, moduli lazima zijengwe tena. Mimi niliweka linux-headers-generic ili faili zije zenyewe na kila kerneli mpya. Skrini ikileta shida baada ya sasisho, sudo rcvboxadd setup huzijenga upya, kisha washa mashine upya.