Vitabu vitatu vya magonjwa ya kazini, kinachokaa mezani ni kimoja

Nianze na fundi rangi mmoja maana yeye ndo chanzo cha hii safari yote. Kijana wa miaka thelathini hivi, anapuliza rangi za magari gereji, kaja zahanati kwetu mara ya tatu kifua kimembana, mara zote tunampa dawa ya pumu anapata nafuu anaondoka. Hiyo mara ya tatu ameshasimama mlangoni ndo akasema, tena kwa kupitia tu, kwamba alienda kwao Singida msibani akakaa wiki mbili na hakukohoa hata siku moja. Nikamwambia basi hewa ya kwenu nzuri. Ndo jibu nililompa, mimi daktari mzima. Kumbe ile rangi ya gari inayochanganywa na hadna, ile dawa ya kuigandisha, ina kemikali zinaitwa aisosayaneti, na hizo ni kati ya visababishi vya pumu ya kazini vinavyojulikana sana duniani, na swali la kwanza kumuuliza mtu kama yule ni hilohilo alilolijibu bila kuulizwa: ukiwa mbali na kazi unapata nafuu?

Chuo hii mambo tulipewa vipindi vichache, afu mtihani ukatoka kwenye malaria. Kwahiyo nikaanza kutafuta kitabu, na kwa miaka kama minne nimenunua vitatu, nawasimulia ili asije mwingine akapoteza hela kama mimi.

Cha kwanza sikitaji jina maana kosa ni langu. Jitabu zito kweli, la Kimarekani, nililiokota kwa muuza vitabu vya mtumba mjini, elfu sitini, nikajiona nimelamba dume. Nafika nyumbani nafungua, kumbe nusu ya mbele ndo kitabu halisi na nusu ya nyuma ni fotokopi iliyobandikwa humo kiufundi kabisa, kurasa kama arobaini za kemikali hazipo. Nikarudi, jamaa kahama kona. Ila hata kingekuwa kizima kisingenisaidia, kilikuwa cha miaka ya tisini mwanzoni, na kwenye fani hii umri wa kitabu sio mchezo.

Njia yangu ya kujua kama toleo limezeeka ni hii, hata kama umesimama dukani na muuzaji anakukodolea macho: fungua kwenye madini ya risasi, tafuta kiwango chake kwenye damu ya mtoto. Wamarekani toka 1991 walikuwa wanasema mikrogramu 10 kwa desilita ndo pa kushtuka, 2012 wakashusha mpaka 5, 2021 wakashusha tena 3.5. Kitabu kikikwambia mtoto mwenye 8 hana neno, kirudishe kwenye shelfu. Na usiseme risasi sio mambo yetu, muulize mtu wa Owino Uhuru pale Mombasa, mtaa mzima ulikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, watoto wakaumia, kesi ikaenda mpaka mahakama ikaamua 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kipimo cha pili ni vumbi la silika, lile la kukata mawe na kutoboa miamba. Marekani walibadilisha kiwango 2016 kikawa mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwahiyo toleo la kabla ya hapo lina namba ya zamani. Afu tazama kama kinaongelea yale mawe ya kutengenezwa kiwandani ya kaunta za jikoni, Australia wameyapiga marufuku kabisa toka Julai 2024 kwa jinsi yalivyowamaliza vijana mapafu.

Sasa cha pili. Hiki kinaitwa CURRENT Diagnosis & Treatment: Occupational & Environmental Medicine, cha LaDou na Harrison, nilinunua toleo la sita la 2021 baada ya kujikusanya miezi mitatu. Kwa maarifa hakuna cha kulalamika, metali, vimumunyisho, gesi, viuatilifu, vyote vimo. Huwa napima kitabu kwa mgonjwa aliyeumizwa na dawa ya kuua wadudu, yule anayeletwa toka shambani mboni zimekuwa ndogo kama nukta, jasho, mate, kifua kinakoroma. Kitabu kikikwambia mpe atropini, ile dawa ya kupambana na sumu hiyo, kikaishia hapo hakijakusaidia. Kinatakiwa kikwambie unaongeza dozi mpaka kifua kikauke, hufuati mboni, maana ukisubiri mboni zifunguke utapotea. Na nguo zivuliwe zote mgonjwa aoshwe kwa maji na sabuni, na viatu vya ngozi vitupwe kabisa maana ngozi inanyonya sumu na haisafishiki. Hilo la viatu nimeona watu wengi hawalijui, kiatu kinapelekwa kwa mke akakifute.

Shida ya hiki kitabu ni uzito wake na sheria zake. Ni cha kukaa nacho jioni na chai, sio mgonjwa yuko mbele yako na foleni nje ya watu ishirini. Na sheria zote ni za kwao. Hapo kuna mtego mmoja jamani naomba muuelewe vizuri: Marekani wana OSHA, ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini, na sisi Tanzania tuna OSHA, herufi zilezile nne ofisi tofauti kabisa. Mwenzangu mmoja aliandika ripoti ya kiwanda akaweka "kiwango cha OSHA" toka kwenye kitabu, mtu wa sefti wa kile kiwanda naye akaipitisha kama ilivyo, hakuna aliyeshtuka mpaka mkaguzi alipouliza hii namba mmeitoa kifungu gani cha sheria yetu ya usalama na afya kazini ya 2003. Kimya. Tulicheka baadae lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Cha tatu ndo kilichobaki mezani, Oxford Handbook of Occupational Health, ninacho toleo la pili la 2013. Kinaingia mfuko wa koti, jalada laini linavumilia kumwagikiwa, na mpangilio wake ndo unaonifurahisha, unaweza kuingilia kwenye hatari yenyewe, kelele, vumbi, kemikali, au ukaingilia kwenye ugonjwa. Maelezo mafupi, unasoma mgonjwa akiwa anavaa shati. Kile kipande cha pumu ya kazini ndo kilichoniokoa na yule fundi rangi. Nilimpa kile kifaa cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, nikamwambia apulize mara nne kwa siku, wiki nne, aandike na siku alizoenda kazini na alizopumzika. Akarudi na daftari la shule la mwanae, namba zimepangwa kwa peni nyekundu siku za kazi na bluu siku za nyumbani, sikumwambia afanye vile, yaani hata mimi nisingefikiria. Hukuhitaji kuwa daktari kuona nyekundu ziko chini.

Ila na hiki kina matatizo yake. Kwanza ni cha Kiingereza yaani cha Uingereza, kurasa za sheria zao nimezifunga na mpira wa kufungia noti ili nisizipitie kila mara. Pili ni cha 2013, kwahiyo kwenye ule mtihani wangu wa risasi na silika kinafeli, namba za viwango nazichukua kwingine siku zote. Tatu, na hili ndo linaloniudhi zaidi, vitabu vyote hivi vinadhani mgonjwa wako ana mwajiri. "Mhamishe kitengo." Fundi wangu nimhamishie wapi, kitengo chake ni ile kompresa na mti anaopaki magari chini yake. Wanasema avae kifaa cha kupumulia chenye hewa inayoletwa kwa mpira toka nje, na ni kweli, maski ya kitambaa au ile ya korona haizuii mvuke wa aisosayaneti hata kidogo, lakini bei ya kile kifaa anaweza kununua kompresa nyingine. Tulichofanya tumepatana na mwenzake, yeye kahamia kwenye kunyoosha bodi na kupiga puti, mwenzake anapuliza, na siku ya kupuliza yeye haji. Sio jibu la kitabuni. Inhela anatumia kidogo kuliko zamani, ndo nilicho nacho.

Kwahiyo nunua cha mfukoni kwanza, halafu vya bure ongezea mwenyewe. Cha kemikali kuna NIOSH Pocket Guide, kitabu cha serikali ya Marekani, unapakua bila kulipa, kemikali 677, kila moja inakupa viwango, dalili, viungo inavyoshambulia, huduma ya kwanza na vifaa vya kujikinga. Ninayo kwenye simu hata bando likiisha naifungua. Hiyo ndo inayoziba pengo la viwango, ila kumbuka ni viwango vya kwao. Na kuna ensaiklopidia ya Shirika la Kazi Duniani, juzuu nne, toleo la 1998, inasomeka bure mtandaoni. Najua nimetoka kusema kitabu kizee kitupwe, namba zake kweli usizichukue, lakini kwa kuelewa kazi yenyewe inafanywaje haina mpinzani, ngozi inalainishwa vipi, pamba inachambuliwa vipi, wapi kwenye hatua zile mtu anavuta kitu kibaya. Mimi nimezaliwa mjini, sikujua mkonge unapitia wapi mpaka nilipoisoma humo.

Mambo ya fidia hakuna kitabu kati ya hivi kitakachokusaidia. Kama uko Tanzania Bara nenda kasome ya WCF wenyewe, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulianza kazi 2015, chapa fomu zao uziweke nyuma ya jalada. Mimi nimezibandika na selotepu.

Wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa uzamili, ninyi chukueni cha LaDou, hamna njia ya mkato. Nesi wa shamba la maua au tabibu wa zahanati ya kiwandani, cha Oxford kinatosha ila anza kutafuta toleo jipya kuliko langu. Na kama kuna mwenye nalo analiuza anitumie meseji, ila nitalifungua ukurasa kwa ukurasa mbele yako kabla sijatoa hela.